Mwavuli wa gunia

Mama yangu hatazami juu ndege inapopita. Amenilea, nimekula mezani pake, nimeondoka kwake mtu mzima, na jambo hilo sikuwahi kulitambua. Nililiona Jumamosi moja ya mwezi wa nane, tukiwa tumekaa kwenye majani kando ya njia ya kurukia ndege pale Duxford, Uingereza, na chapati zetu magotini.

Alikuwa amekuja kutoka Bukoba kukaa nasi miezi mitatu. Tunaishi Luton, na kwa wiki mbili za kwanza hatukumpeleka popote zaidi ya kanisani na sokoni, maana mimi na mke wangu tunapishana zamu. Wazo la Duxford lilikuwa la mwanangu Mugisha. Ana miaka 11, shuleni walikuwa wametoka kusoma Vita Kuu ya Pili, na ukuta wa chumba chake umejaa picha za Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya wakati huo. Mdogo wake Asimwe, miaka 7, alitaka kwenda kwa sababu kaka yake anataka. Mama alipoulizwa alisema tu, "Twendeni nikaone hizo ndege." Mke wangu akasonga chapati, akachemsha mayai, na Mama akafungua mkoba wake akatoa kopo la senene alilokuwa analitunza kama dhahabu.

Duxford iko kusini mwa Cambridge, barabara kuu ya M11 inapita ubavuni pake. Nilidhani ni jumba lililojengwa ili watu waje watazame ndege kuukuu. Sivyo. Ni uwanja wa ndege halisi, ulioanzishwa mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Kikosi namba 19 cha jeshi la anga la Uingereza kilipokea hapo Spitfire za kwanza kabisa mwezi Agosti 1938. Mwaka 1940, Wajerumani walipokuwa wakiishambulia Uingereza kutoka angani, Douglas Bader aliongoza makundi makubwa ya ndege kutoka uwanja huo, mtu aliyekuwa amekatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya mwaka 1931. Kuanzia 1943 wakaja Wamarekani, wakakaa mpaka vita vilipokwisha. Baadhi ya mabanda unayoingia ndimo mafundi walimolala chini ya injini wakifunga nati. Ukilijua hilo, unatembea taratibu zaidi.

Kosa letu la siku lilikuwa kwenye mpango. Banda la kwanza ukishaingia ni kubwa mno, na lina Concorde, ile ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, ambayo watu wanaruhusiwa kupita ndani yake. Watoto walipita mara tatu. Mama alipita mara moja, akashika viti, akasema ndani ni pembamba kama daladala, akatoka. Tukakaa humo saa tatu nzima. Uwanja ule ni mrefu, vitu vingine vikubwa viko mwisho kabisa upande wa pili, na ukiwa na mtoto mdogo na mama mwenye magoti yanayouma, kila mita mia ina gharama yake. Kama ningekwenda tena ningeanzia mwisho nikirudi nyuma. Pia ningebeba koti la kila mtu hata kama jua linawaka, kwa sababu uwanja uko wazi na upepo wake hauna aibu.

Lakini kwenye banda hilo hilo kuna Lancaster, na hapo saa zilizotumika sizijutii. Ni ndege ya mabomu yenye injini nne na watu saba. Mugisha alikuwa na takwimu zake zote kichwani: mwendo, uzito, bunduki ngapi. Mke wangu ni muuguzi, akatazama mahali pengine kabisa. Alisimama nyuma, kwenye kile kijumba cha vioo mkiani anamokaa mpiga bunduki, akapima kwa macho nafasi ya kukaa na njia ya kutokea. Akamwita Mugisha. "Hebu niambie, huyu akiumia, nani anamfikia?" Mugisha akatazama ule mwili mrefu wa ndege, vyuma vinavyokatiza njia ndani, akanyamaza. Kati ya vijana wapatao 125,000 waliorushwa na kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, waliokufa ni 55,573. Karibu nusu. Nilimfasiria Mama. Akauliza walikuwa na umri gani. Nikasema wengi miaka ishirini na kitu, wengine hawajafika.

"Watoto," alisema. Hakuongeza neno.

Tulitoka kula. Kuna majani mazuri kando ya uwanja, na tulikuwa tumemaliza mayai Mama akimfundisha Asimwe kula senene, moja baada ya moja, bila papara, injini ilipowaka upande wa pili. Mugisha alisimama kabla sijajua ni nini. Ile sauti ya Merlin, injini ya Spitfire, siwezi kuilinganisha na ndege za leo. Hizi zetu zinavuma, ile inanguruma, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Spitfire ikajongea, ikageuka, ikashika kasi, ikanyanyuka, ikazunguka, kisha ikapita juu ya uwanja chini chini kiasi cha kuona rangi za tumbo lake. Watu wote waliinua nyuso. Mamia ya watu, wote videvu juu, simu juu.

Mama alikuwa anatazama majani. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha Asimwe, unakiinamisha.

"Bibi, tazama juu! Bibi, ile pale!"

"Mimi sitazami juu," alisema Mama, kwa utulivu, kama mtu anayesema mimi situmii sukari. "Baba alitukataza."

Ndege ikaenda zake. Alipouondoa mkono kwenye kichwa cha mtoto, alionekana kushtuka kuukuta pale.

Ndipo akatusimulia habari za Oktoba 1978. Nilijua, kama kila mtoto wa Kagera anavyojua, kwamba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kwamba ndege za Uganda zililipua mabomu Bukoba. Nilizaliwa mwaka 1980, kwangu hayo yalikuwa mambo ya kwenye nyimbo za shule. Mama alikuwa na miaka 22. Alisema siku ile watu walitoka nje ya nyumba kutazama, kwa sababu nani alishawahi kuona ndege ya kivita? Walitoka na watoto mgongoni. Babu, baba yake, akatoka shambani anapiga kelele ambazo hawakuwahi kuzisikia kwake, anawasukuma watu wazima chini kwa mikono, majirani, wageni, yeyote. "Lala! Uso chini! Uso unang'aa, wanauona!" Jioni hiyo alianza kuchimba handaki chini ya migomba. Hakuomba msaada na hakueleza. Alichimba kwa vipimo, alisema Mama, anapiga hatua, anaweka jiwe, anachimba, kama mtu anayerudia kazi aliyoifanya mara nyingi. Walilala humo usiku kadhaa. Majirani waliokuja kushangaa siku ya kwanza, siku ya tatu walikuja na majembe kujifunza.

"Alijifunzia Bama," alisema Mama.

Nyumbani tulisema hivyo: Bama. Babu alikuwa keya, askari wa mfalme wa Uingereza, akapelekwa Burma, ambayo leo inaitwa Myanmar. Nilichokijua kuhusu Babu na vita kilikuwa hicho, pamoja na kipande cha kitambaa alichokiweka kwenye sanduku la bati, chenye picha ya kichwa cha kifaru. Kutokana na kitambaa hicho ukoo mzima uliamini Babu aliendesha kifaru. Wajukuu tuligombana nani aigize dereva.

Baada ya chakula tukaenda hadi mwisho wa uwanja, polepole. Tulipita chumba kilichotumika kuongozea mapigano ya 1940, ramani mezani na saa ukutani. Asimwe alitaka kubaki, mimi nilitaka tufike kabla Mama hajachoka kabisa. Huko mwisho ndiko liliko jumba la ndege za Marekani, alilolisanifu Norman Foster, likafunguliwa mwaka 1997. Lina paa la zege lililopinda kama mgongo wa kobe na ukuta mzima wa kioo mbele. Ndani kuna B-52, ndege kubwa ya mabomu, ambayo mabawa yake yanafunika ndege nyingine kama kuku aliyelalia vifaranga.

Kabla hujaingia, njia inapita kati ya vioo virefu vilivyosimamishwa. Kwa mbali unadhani ni mapambo. Ukikaribia unaona vimechorwa ndege ndogo ndogo, safu kwa safu, umbo la kila ndege jinsi linavyoonekana kutoka juu. Vioo ni 52. Ndege zilizochorwa ni 7,031, na kila moja ni ndege ya Kimarekani iliyoruka kutoka Uingereza katika vita vile isirudi. Asimwe akaanza kuhesabu. Alifika mia mbili na kitu akapotea, akaanza upya, akapotea tena. Hatukumharakisha. Mama aliupitisha mkono juu ya kioo, akauliza, "Hizi zote hazikurudi?"

"Zote."

"Na za Bama ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia hapa ni kwa ajili ya zile zilizotokea Uingereza. Akaitikia kwa kichwa. Si mtu wa kudai, Mama. Ila swali lake liliingia nami ndani ya jumba, na ndilo lililonifanya nimwendee yule mzee.

Duxford ina watu wa kujitolea, wengi wao wazee, wanaosimama karibu na ndege wakisubiri kuulizwa. Watu wengi huwapita, husoma bango, hupiga picha na kuondoka. Sisi tulikuwa tumefanya hivyo hivyo tangu asubuhi. Nimejuta. Bango linasema maneno yale yale kwa kila mtu. Mzee anakuuliza wewe ni nani.

Huyu alikuwa amesimama karibu na Dakota, ndege yenye injini mbili ambayo Wamarekani waliiita C-47. Katika jumba lile lenye ndege za kutisha haivuti macho. Haina bunduki, ina tumbo nene na mlango mpana ubavuni kuelekea nyuma. Mama alimwamkia shikamoo, kama anavyomwamkia kila aliyemzidi umri, nami nikaeleza kuwa ni salamu ya heshima. Mzee akainamisha kichwa. Akauliza tumetoka wapi. Nikasema Tanzania, na kwamba baba wa mama yangu alipigana Burma.

"Mwambie alikuwa wa kifaru," alisema Mama.

Nikafasiri: alikuwa kwenye vifaru, yale magari ya chuma yenye mzinga. Mzee akakunja uso kwa adabu. Akasema Waafrika Mashariki kule walikuwa hasa askari wa miguu. Mama akaona pamekwama, akaniuliza nimemwambia nini. Nilipomrudia akatikisa kichwa, akaweka ngumi juu ya pua yake na kuchomoza kidole kama pembe.

Uso wa yule mzee ulifunguka wote. Kumbe kifaru ni mnyama! Kichwa cha kifaru ndiyo alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshonwa begani. Miaka yote hiyo ukoo wetu ulikuwa na jibu kwenye sanduku la bati, na neno moja la Kiswahili lenye maana mbili likatupeleka kwingine. Mugisha alikuwa anasikiliza. Nilimwona akimshusha babu yake wa ukoo kutoka kwenye gari la chuma na kumweka chini, kwa miguu, na nilidhani angevunjika moyo. Aliuliza tu, "Walitembea umbali gani?"

Mzee alitueleza, na mengine nimeyasoma baadaye. Divisheni hiyo ilikuwa na vikosi kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Walisafirishwa kwa meli hadi Seloni, yaani Sri Lanka ya leo, ambako walifanya mazoezi. Njia yenyewe ya baharini ilikuwa vita: tarehe 12 Februari 1944 manowari ya Japani ilizamisha meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Katikati ya 1944 wakaingia bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Burma, chini ya Jenerali William Slim, wakiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Ilikuwa msimu wa mvua. Bonde lile lilijaa malaria na homa inayoletwa na utitiri wa vichakani. Barabara ziligeuka tope, magari yakazama, na jeshi zima lililokuwa likisonga mbele halikuwa na njia ya kuletewa chakula.

"Isipokuwa hii," alisema mzee, akaielekeza Dakota.

Ilibeba kama tani mbili na nusu na zaidi kidogo. Mlango ule uling'olewa, magunia yakapangwa pale, na vijana wakalala chali wakiyasukuma kwa miguu ndege inapopita juu ya uwazi uliofyekwa msituni. Haikutosha kupita mara moja. Rubani alizunguka na kurudi, akazunguka na kurudi, katikati ya mawingu na milima, mpaka mzigo uishe. Risasi na dawa vilishuka na miavuli. Mchele na chumvi viliangushwa hivi hivi, gunia ndani ya gunia, ili la ndani likipasuka la nje lizuie.

Mama alikuwa amelisogelea lile tumbo la ndege. Alisema, kama anayejisemea, "Baba alikuwa na sheria mbili. Ukisikia ndege ya vita, uso chini. Ukisikia ile ya chakula, kimbia pembeni, halafu tazama juu." Na hapo aliinua uso, akaitazama Dakota kutoka pua hadi mkia, kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Muulize miavuli yenyewe ilikuwa ya kitu gani."

Nilijua kwa nini anauliza, na nilisita.

Mwaka 1990 hivi, nikiwa na miaka kumi, tulikuwa tumekaa barazani kwa Babu siku ya sikukuu. Babu hakuwa msemaji, lakini siku hiyo alikuwa amekunywa rubisi kidogo na akaanza habari za Bama. Alisema njaa iliwashika siku tatu, mara wakasikia mlio, na mbinguni wakaona magunia yanashuka. "Yamefungwa kwenye mwavuli," akasema, "na mwavuli nao ni gunia." Mjomba, kaka yake Mama, akacheka. "Baba, gunia linaruka?" Babu akasema linaruka, niliukata mmoja nikajifunika mvua. Akasema vilevile kuna mwenzao aliyeuawa na gunia la mchele lililomwangukia. Baraza zima likaangua kicheko. Mjomba alirudia, "Mzee alivuka bahari, akaponea risasi za Mjapani, akaja kuona mtu anauawa na wali!" Na mimi nikacheka. Nakumbuka nilivyocheka, nikijiegemeza kwenye goti la Mjomba ili waone kwamba nami nimeelewa. Babu alitabasamu, akachukua kibuyu chake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, mtu akitia chumvi kwenye hadithi aliambiwa: huo ni mwavuli wa gunia. Babu alifariki mwaka 1994. Sikumbuki kumsikia akiitaja Bama tena.

Niliuliza. Nilifasiri sawasawa, hakuna neno nililolipunguza, kwamba baba yake alisema miavuli ilikuwa ya gunia.

Mzee hakushangaa hata kidogo. Alisema ndiyo, ya juti. Hariri ya miavuli ilikuwa haba, na jeshi la Slim lilikuwa la mwisho kwenye foleni ya kila kitu. Slim akaona kwamba Calcutta, karibu kabisa, kuna viwanda vinavyosokota juti ya magunia ya dunia nzima. Wakajaribu kushona miavuli kwa kitambaa hicho. Haikufaa kwa binadamu, lakini kwa mizigo ilitosha kabisa. Mwavuli wa kawaida uligharimu kama pauni 20. Wa juti, zaidi kidogo ya pauni moja. Wakaangusha maelfu. Kuhusu gunia la mchele, alisema, akipunguza sauti kwa ajili ya watoto, ndiyo, lilitokea, zaidi ya mara moja.

Nilimfasiria Mama. Alitafuta mahali pa kukaa. Mke wangu akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi, na Asimwe akapanda mapajani pake bila kujua kuna nini.

"Kumbe Baba hakusema uongo," alisema Mama. Alilisema kwa Kihaya, kisha akalirudia kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka na wajukuu wasikie.

Nimefikiria sana kwa nini tulicheka. Nadhani hatukumkatalia risasi wala mizinga, kwa sababu hizo tulizijua kwenye sinema. Tulimkatalia gunia kwa sababu gunia ni letu. Tunalijua, lina kahawa, lina maharage, halina miujiza. Vita vya wazungu vilipaswa kuwa na vitu vya wazungu. Babu alituletea kitu pekee katika hadithi nzima tulichokuwa na uwezo wa kukishika kwa mkono, nasi tukamwona mwongo kwa hicho hicho. Na laiti ningemuuliza swali moja tu, lile alilouliza Mugisha bila kufundishwa na mtu: mlitembea umbali gani?

Yule mzee alitueleza pia habari za makaburi ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon huko Burma, penye ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya askari wasiojulikana walikolala, Waafrika Mashariki wakiwemo. Hilo lilimjibu Mama lile swali lake la kwenye vioo, kwa sehemu. Alimshukuru kwa mikono miwili. Alimpa senene. Mzee akachukua mmoja, akala, akaomba wa pili, na kwa muda wakakaa hivyo wawili, hawana lugha ya pamoja, wanatafuna.

Usiku, watoto wamelala, tulimpigia Mjomba. Sasa ana miaka zaidi ya sabini, mgongo unamsumbua. Mama alianza kwa mbali, akaeleza chapati, akaeleza Spitfire, halafu akafika kwenye Dakota na akanikabidhi simu. "Mwambie wewe, ndiwe uliyesikia." Nikamwambia. Juti, Calcutta, pauni moja badala ya ishirini. Gunia la mchele nalo nikamwambia.

Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Nilisikia jogoo, maana kule kwao saa sita za usiku zilishapita.

"Mjomba," aliniita, "kuna daraja."

"Daraja gani?"

"Alisema walijenga daraja linaloelea. Mto mpana kama Kagera mara kadhaa, na daraja limekaa juu ya maji, halina nguzo, na magari yanapita. Hilo alinisimulia mimi peke yangu, nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe. Nikamwambia hakuna daraja lisilo na nguzo." Akakohoa. "Hebu nitafutie hilo daraja."

Sikulala. Halikuwa gumu kulipata. Lilitandikwa Desemba 1944 juu ya mto Chindwin, pale Kalewa, siku chache baada ya Divisheni ya 11 kuutwaa mji huo. Daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa, juu ya maboya, futi 1,154, wakati huo refu kuliko jingine lolote la aina yake duniani. Zipo picha. Kwenye moja magari yamepangana, maji yako chini yao, nguzo hakuna.

Nilimtumia hiyo. Alama mbili za buluu zilitokea mara moja; alikuwa ameshika simu anasubiri. Hakuandika kitu. Baada ya kama nusu saa akatuma picha yake mwenyewe, imepigwa gizani kwa mkono unaotetemeka: sanduku la bati limefunguliwa, na juu ya nguo, kitambaa chenye kifaru, kimenyooshwa vizuri kwa kiganja.